Chupa Mbili za Kagoma

Kokuberwa ni mtu wa kubisha hodi. Anabisha hodi hata kwenye mlango wa chumba chake cha kazi, chumba kisicho na mtu ndani, ila kompyuta moja kubwa nyeusi, betri nne na feni. Wenzake pale ofisini Bukoba wanamcheka. Wanasema, Mhaya gani huyu anayejua mambo asitangaze? Maana sisi tunasemwa nchi nzima kwamba tukijua jambo, hata ng'ombe wa jirani atapewa taarifa. Kokuberwa ana diploma ya kompyuta aliyoisomea Mwanza, ana miaka tisa kazini, na ana sauti ndogo ambayo lazima umsogelee ndipo uisikie.

Alilelewa na bibi yake kwenye uwanda wa Kamachumu, katika kibanja cha migomba na mibuni, nyumba ya Walutheri wa kusali asubuhi na jioni. Bibi huyo alikuwa na masharti yake. Mgomba wa mtu haukatwi jani bila kumwuliza mwenyewe, hata kama jani limeangukia upande wako. Mgeni haulizwi ameleta nini. Na mwenye msiba haombwi kitu, hata chumvi. Anasubiriwa mpaka msiba uishe. Malezi mazuri, wala sina la kuyapinga, kwani hata mimi nimepitia mikononi mwa mabibi wa aina hiyo. Lakini mwaka huu malezi hayo yalimsimamisha mtu ukingoni mwa kaburi.

Kazi ya Kokuberwa ni hii. Kuna vituo saba vya afya, kuanzia Bukoba mjini hadi ndani ndani kule Muleba, na kila kimoja kina jokofu la damu. Zamani, kituo kikiishiwa damu, muuguzi alishika simu na kuanza kuomba kwa mmoja baada ya mwingine. Shirika moja dogo likaleta mfumo: kila kituo kinaandika kwenye simu ya kazi damu iliyomo jokofuni, na ile kompyuta nyeusi pale Bukoba, seva, inajua chupa gani iko wapi. Ukiuliza damu ya kundi O hasi, unajibiwa kabla hujameza mate. Watu waliuzoea mfumo mpaka karatasi ya namba za simu za vituo ikafifia ukutani bila kuandikwa upya.

Aliyeujenga mfumo huo ni Mwalimu Mutembei, mzee wa Ijumbi. Alimfundisha Kokuberwa kazi yote isipokuwa jambo moja: nywila kuu, lile neno la siri la kuingilia. Hiyo aliibakiza kichwani mwake. Bila nywila hiyo huwezi kuweka programu mpya kwenye seva, huwezi kuwasha upya chochote, na ukiizima, haiwaki tena. Alipostaafu alisema, "Nitakukabidhi tukikaa vizuri, tukiwa tumetulia." Hawakupata kutulia. Mkewe, Mama Judica, aliugua, na baada ya miezi mitano akafariki.

Siku ya nne baada ya mazishi, Kokuberwa alipata tangazo kwenye barua pepe. Waliliandika wale wanaotunza maktaba ya usimbaji, yaani ule mkusanyiko wa programu unaofunga ujumbe kwa siri ili usisomwe njiani. Seva yake ilitumia maktaba hiyo, kama zinavyoitumia seva nyingi duniani. Tangazo lilisema kumegunduliwa udhaifu. Kila anayetaka kuingia huonyesha kwanza cheti chake, na seva hukikagua. Sasa, mtu akileta cheti kilichopindwa kwa namna fulani, hesabu ya kukikagua haifiki mwisho. Chukua mlinzi wa geti aliyepewa kitambulisho kisichoeleweka, naye badala ya kumfukuza mwenye nacho, anakisoma, anakigeuza, anakisoma tena, huku foleni nyuma inazidi kurefuka. Mlinzi hajalala wala hajahongwa, yuko kazini kabisa, lakini hakuna anayepita.

Tangazo liliongeza kwamba udhaifu huo hauvujishi siri na kwamba hakuna kinachoibwa. Seva inaweza tu kukwama. Marekebisho yalikuwa tayari, na kuyaweka kulitaka dakika kumi na nywila kuu.

Lile neno "tu" ndilo lililomponza. Kokuberwa alijiambia, kama si wizi, linaweza kungoja wiki moja. Tena nani huko duniani aje kuchokoza seva ya damu ya Bukoba?

Hata hivyo hakukaa kimya kabisa. Alikwenda Ijumbi mara tatu. Mara ya kwanza alibeba sukari na kilo mbili za mchele, akakaa na wanawake ndani, akatoka nje kumtafuta Mwalimu. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono magotini, wanaume wamemzunguka. Majirani walikuwa hawajashika jembe tangu mazishi. Kokuberwa alipiga magoti, akampa pole, na swali lilipofika ulimini akaliona lina sura ya aibu. Nywila! Mtu amezika mkewe, wewe unamwomba nywila! Akainuka, akaondoka.

Mara ya pili alipewa buni za kutafuna kama mgeni, akazitafuna polepole apate ujasiri. Ujasiri haukuja. Mara ya tatu Mwalimu mwenyewe alimwuliza, "Kazi inaendaje?" Mlango ulifunguliwa wazi, jamani! Naye akajibu, "Haijambo, Mwalimu. Usijali." Akarudi Bukoba akijisifu moyoni kwamba ana adabu. Ngojangoja huumiza matumbo, ndivyo tusemavyo, lakini mwenye kungoja kwa adabu huwa hadhani anangoja.

Ijumaa ya wiki ya tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, simu yake ya mezani iliita. Alikuwa Violeth, mkunga wa kituo cha Kamachumu, mwanamke ambaye huzungumza akicheka. Siku hiyo hakucheka.

"Kokuberwa, mfumo haufunguki. Nina mzazi hapa anavuja damu. Kajifungua vizuri, mtoto mzima, lakini damu haikatiki. Ni O hasi. Jokofu langu lina A na B peke yake."

"Mzazi nani?"

"Annastella, wa pale karibu na soko. Ana miaka ishirini na miwili. Huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Ndugu zake tumewapima wote waliopo, hakuna aliyelingana. Niambie O hasi iko wapi."

Kokuberwa alikwenda kwenye seva, na safari hii hakubisha hodi. Feni ilikuwa ikivuma kwa nguvu zake zote. Alifungua kioo cha kompyuta akaona prosesa, ubongo wake, iko asilimia mia moja, imeganda hapo. Aliangalia orodha ya walioomba kuingia: vituo vyote saba vilikuwa nje, vinasubiri, na mbele yao ombi moja kutoka anwani asiyoijua, nchi ya mbali, lililoingia saa moja iliyopita likiwa na cheti chake. Alilijua jambo hilo. Alikuwa amelisoma wiki mbili na nusu zilizopita, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Alijaribu kila alichokuwa na ruhusa nacho. Alijaribu kuliondoa lile ombi, akakataliwa. Alijaribu kuwasha upya programu, ikamdai nywila kuu. Kuchomoa waya angeweza, lakini seva ikizimika haitaamka bila Mutembei, na orodha ya damu itabaki humo ndani imefungwa.

Alikimbia hadi benki ya damu, jengo la pili. Wakamwambia O hasi zote walizitawanya vituoni wiki iliyopita. Vituo gani? Dereva aliyezipeleka yuko safarini Biharamulo, simu yake haipatikani. "Si mfumo unajua?" walimwuliza, tena kwa upole, na upole huo ulimchoma.

Violeth upande wake alikuwa akipiga namba za ile karatasi ya ukutani kwa simu ya pili. Vituo viwili vilijibu kwamba havina. Kimoja kilisema kinaangalia. Namba ya Kagoma ilipokelewa na mwanamume aliyekuwa shambani, akasema namba hiyo ni yake mwaka wa pili sasa, yule muuguzi wa zamani hamjui.

Kokuberwa akapiga simu ya Mwalimu Mutembei. Ilikuwa imezimwa, na tangu mazishi haikuwa imewashwa. Akatafuta ujumbe wa kamati ya mazishi, akaona namba ya Karugendo, mdogo wake Mutembei, mtu mkali, mzee wa kanisa. Akapiga moyo konde, akampigia, akamwita baba kwa Kihaya.

"Taata, shikamoo. Ni Kokuberwa wa Bukoba. Naomba kuongea na Mwalimu, mara moja tu."

"Marahaba. Leo tunaanua matanga, hujui? Mchungaji amesimama, ibada inaendelea. Piga kesho."

"Haiwezi kusubiri kesho, taata. Ni suala la kazi, lakini..."

"La kazi!" Sauti ya Karugendo ilipanda. "Mtoto wa watu, unamfuata mtu kwenye matanga ya mkewe kwa suala la kazi? Kwenu hawakukufunza?"

Hilo lilimgusa pale pale bibi yake alipopanda mbegu. Miaka yote ya kupiga magoti na kuinamisha macho ilimvuta kuomba radhi na kukata simu. Mdomo ulishafunguka kusema "nisamehe." Halafu alimsikia Violeth kwenye simu nyingine, ile ya mezani aliyoiacha wazi, akimwambia mtu, "Mfunike, anatetemeka. Mfunike miguu."

"Taata, kuna mtu anakufa," akasema.

"Hapa ameshakufa mtu."

"Najua. Wa kwenu hatuwezi kumrudisha. Wa Kamachumu tunaweza, na anayeweza ni Mwalimu peke yake. Usipompa simu sasa hivi, nitachukua pikipiki nije nipige kelele katikati ya ibada, na utanifukuza mbele ya mchungaji." Hakuwa amewahi kumwambia mtu mzima maneno ya namna hiyo. Sauti yake ndogo haikuwa ndogo tena, na ofisi nzima ilikuwa imegeuka kumtazama.

Akasikia nyayo, akasikia wimbo wa kanisa ukikaribia, minong'ono, mtu akisema "Sasa hivi?", na mwisho pumzi nzito.

"Kokuberwa."

"Mwalimu, seva imekwama. Ni cheti kibovu, hesabu ya kukikagua haimaliziki. Nahitaji nywila kuu. Kuna mama Kamachumu."

Mzee hakuuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Aliuliza, "Toleo gani la maktaba?" Akamtajia. "Aa. Basi usianze kwa kuizima. Funga kwanza njia ya nje, ile anwani isirudi kubisha. Halafu uweke marekebisho. Halafu uwashe. Uko tayari kuandika?" Akaanza kumsomea herufi na tarakimu, ishirini na nne, bila kukosea, bila kusita. Nyuma yake wimbo uliendelea. Kokuberwa alikuwa akimrudishia kila herufi kwa sauti, na alipoghafilika akataja ndogo badala ya kubwa, mzee alimrudisha: "Kubwa. Kubwa, nimesema." Sauti ilikuwa ileile ya darasani, kavu, yenye uhai. Kokuberwa aliisikia tofauti yake na ile sauti ya msibani, lakini hakuwa na nafasi ya kuifikiria.

Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na nane. Akakosea mara moja, akafuta. Aliifunga anwani ile. Akaweka marekebisho, mstari ukitambaa kwenye kioo kidogo kidogo huku akiomba kwa Kihaya bila kujua kwamba anaomba. Seva ikazimika, ikawaka, ikadai nywila, akaipa. Saa nne na dakika arobaini na tisa vituo vyote saba viliingia kwa pamoja.

O hasi: Kagoma, chupa mbili.

"Kagoma!" alipiga kelele kwenye simu. "Violeth, Kagoma, mbili! Nimeshawaagiza kwa mfumo, wanamtuma mwenye pikipiki sasa hivi."

"Kagoma?" Violeth akasema, na sauti ilimvunjika. "Kagoma hapo jirani?"

Pikipiki ilitumia dakika thelathini na moja na ikafika Kamachumu saa tano na dakika ishirini, dereva kajifunga boksi la barafu kifuani. Damu ilimkuta Annastella yu hai, ikamrudisha. Lakini saa tano na dakika tano daktari alikuwa ameshaamua. Kungoja zaidi kungemuua, na damu ilikuwa haikatiki, akamfungua akamtoa kizazi. Violeth ndiye aliyempigia Kokuberwa kumwambia. Kokuberwa aliisikia taarifa ameketi sakafuni kando ya seva, akahesabu mwenyewe bila kutumwa. Kutoka saa nne na dakika kumi hadi arobaini na tisa ni dakika thelathini na tisa. Bila hizo, chupa zingefika kabla hata ya saa tano. Akalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe. Yule wa nchi ya mbali angemchukia vipi? Pengine hakuwa hata mtu, ilikuwa programu inayozunguka dunia kubisha kila mlango, isiyojua kama kuna mahali panaitwa Bukoba.

Watu ofisini walimpongeza. Meneja alimshika mkono. Hakuna aliyejua kuhusu safari tatu za Ijumbi, na angeweza kunyamaza mpaka leo.

Jumapili baada ya ibada alikwenda Ijumbi. Alimkuta Mwalimu Mutembei peke yake uani, amenyolewa kichwa, watu wametawanyika. Hakupiga magoti. Alisimama akamwambia yote: tangazo lilifika lini, alikuja mara ngapi, alirudi na nini. Alimwambia na habari ya kizazi.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Watu zaidi ya mia mbili wamepita hapa. Wote wamenipa pole, wakakaa, wakanitazama. Kila nikifumbua macho naona watu wanaonitazama. Nilikuwa natamani mtu mmoja, mmoja tu, aniulize kitu. Chochote. Hata bei ya msumari." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilipokuuliza kazi inaendaje, nilikuwa nakuomba, mwanangu."

"Nilidhani nakuheshimu, taata."

"Uliniheshimu. Na mimi nilikaa na nywila kichwani kama mtu atakayeishi milele. Tumekosa wote wawili." Alisimama, akatafuta viatu. "Huyo mama ameambiwa?"

"Ameambiwa damu ilichelewa. Anadhani ni barabara."

"Basi twende."

Walifika Kamachumu alasiri. Annastella alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, mdogo wa mwili, midomo bado imepauka, mtoto wa kike pembeni yake kafunikwa kitenge. Violeth alikuwa ameshamwambia ni nani anakuja, maana Annastella alipomwona tu Kokuberwa alinyoosha mkono.

"Ndiye wewe uliyeitafuta damu? Kasinge waitu. Mungu akulipe."

Shukrani hiyo ilimwingia Kokuberwa kama maji ya moto. Aliushika ule mkono, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza. Hakutumia neno seva mara nyingi. Alisema kulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na kasoro, na yeye aliambiwa kasoro hiyo mapema, na alikuwa na njia ya kuirekebisha, na hakuomba ufunguo kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa na msiba. Mutembei, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Mwenye ufunguo ni mimi."

Annastella aliutoa mkono wake taratibu. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Zilipotea dakika ngapi?"

"Thelathini na tisa."

Hakupiga kelele wala hakuwalaani, na ingekuwa rahisi zaidi kama angewalaani. Aligeukia dirisha, akakaa hivyo mpaka mtoto akaguna. Akamvuta kifuani, akamnyonyesha.

"Mimi nilikuwa nimeshachagua jina la wa pili," akasema.

Violeth aliangalia chini. Mwalimu Mutembei akainamisha kichwa kilichonyolewa. Kokuberwa alihisi malezi yake yote yakimwamuru anyamaze, ainuke, amwache mwenye msiba na msiba wake. Alibaki pale pale alipoketi.

"Ungemwita nani?" akauliza.

Annastella aligeuka akamtazama, machozi yakaanza kumtoka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akamtajia jina, kisha akaanza kumweleza lilikuwa la nani.